Shule ya Mtaani ni Amana Yetu Sote



Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, kila muhula mpya unapokaribia mazungumzo ya majumbani mwetu hugeuka yakawa ni ya sare, vitabu na karo. Ni mazungumzo ya haki, kwani mzazi ameamrishwa amtazame mwanawe. Leo twaomba yapanuliwe kidogo, yavuke kizingiti cha nyumba, yafike mpaka kwenye lango la shule ya serikali iliyo karibu nawe. Pengine mwanao hasomi hapo. Lakini mwana wa jirani yako asoma hapo, na mwana wa yule anayekufulia nguo, na mwana wa yule anayesukuma mkokoteni wa maji uchochoroni mwenu. Swali letu wiki hii ni hili: sisi wenye maduka, sisi wenye vikundi vya akina mama, sisi wenye misikiti na madrasa, tuna uhusiano gani na shule ile?

Jibu linalosikika aghalabu ni fupi: "Ile ni shule ya serikali." Maana yake ni kuwa haituhusu. Twaona jibu hilo lina kasoro, na historia ya kisiwa chetu yatosha kulikanusha.

Waliotutangulia

Tuitazame Shule ya Upili ya Allidina Visram. Jina lile tumelizoea mpaka tumesahau kuwa ni jina la mwenye duka. Allidina Visram alitoka Kutch, Bara Hindi, akafika pwani yetu angali kijana mdogo katika miaka ya 1860. Alianza na biashara ndogo, kisha maduka yake yakafuata njia za misafara, na baadaye njia ya reli, mpaka Uganda. Alipofariki mwaka wa 1916, mwanawe Abdulrasul alijenga shule kwa ukumbusho wa babake, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1923. Leo hii ni shule ya umma. Watoto wa kila kabila na kila dini hukaa kwenye madarasa yake, na wengi wao hawajui kuwa mwanzo wake ulikuwa faida ya dukani.

Mfano wa pili uko Tudor. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la MIOME. Nia yake ilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kwani wakati huo walikuwa wamebaki nyuma. Michango mikubwa ilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar na kwa jamii ya Mabohora, na serikali ya kikoloni nayo ikatia fungu lake. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1951. Mwaka wa 1966 milango ilifunguliwa kwa wote, ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka wa 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Na tangu mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliotoa mali yao hawakuishi kuyaona hayo yote. Lakini kila fundi na mhandisi aliyetoka pale ana sehemu ya jasho lao.

Na mali haikuwa peke yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika miaka ya 1930 alitumia kalamu yake katika gazeti la Al-Islah kuwahimiza Waislamu wa pwani waamke, wasome na wawasomeshe wana wao. Basi katika mji huu tulikuwa na mwenye duka aliyetoa, na mwanachuoni aliyehimiza, na jamii iliyokusanya. Serikali ilipokuja kuzichukua shule, ilizikuta zimekwisha kupata wenyewe.

Tumefikaje hapa?

Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi za umma iliondolewa, na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hii ni neema kubwa, na hakuna mwenye akili atakayetamani turudi nyuma. Lakini neno "bure" liliingia masikioni mwa watu kwa maana isiyokuwa yake. Wengi walifahamu kuwa jamii imekwisha kutua mzigo. Wenye uwezo wakawapeleka wana wao katika shule za binafsi na zile zinazochanganya dini na mtaala. Hatuwalaumu, mzazi humtafutia mwanawe anachokiona ni bora. Tatizo ni kuwa walipoondoka na watoto, waliondoka pia na jicho lao, sauti yao na mkono wao.

Tutazame hesabu. Kwa mgao uliowekwa miaka ya karibuni, mwanafunzi wa shule ya msingi hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, wa Sekondari Msingi shilingi 15,042, na wa shule ya upili ya kutwa shilingi 22,244. Zigawe zile 1,420 kwa siku 365: ni chini ya shilingi 4 kwa siku. Hazinunui hata hamri moja. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu atakiwa apate chaki, vitabu, umeme, maji na matengenezo.

Juu ya hayo, tangu Januari 2023 Gredi ya 7 iliwekwa ndani ya shule za msingi, ikafuatwa na ya 8 na ya 9. Majengo yaliyokuwa ya watoto wadogo sasa yatakiwa yawe na maabara ya sayansi na vifaa vya somo la ufundi. Mtoto akimaliza Gredi ya 9 huchagua njia yake ya Sekondari Pevu: sayansi na teknolojia, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Tujiulize: msichana aliyemaliza miaka tisa hajapata kushika hadubini ataichagua sayansi kwa moyo gani? Yule wa shule yenye maabara atachagua. Huyu atachaguliwa na umaskini wa shule yake. Hapo ndipo tunapopoteza daktari wetu wa kesho, nesi wetu, nahodha wetu. Na baadhi ya wale vijana tunaowasikitikia wakiwa wamekaa maskani mchana kutwa, walianza kupotea siku walipoona darasani hawana chao.

Hidaya na ushirikiano

Tusije tukafahamika kuwa watu hawatoi. Watu wa Mombasa hutoa sana, na hasa mwezi wa Ramadhani. Lakini kutoa ni jambo moja na kushirikiana ni jambo jingine.

Chukua mfano wa tangi la maji. Kisiwa chetu hakina mto. Maji yetu ya mfereji hutoka bara, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mwenye nyumba ajua yanavyokatika. Shule yenye mamia ya watoto bila maji haina choo safi, na msichana aliyebaleghe hubaki nyumbani siku zake zikifika. Kampuni yaleta tangi. Hotuba zatolewa, picha zapigwa, jina la kampuni laandikwa ubavuni kwa rangi. Baada ya miezi sita bomba limevunjika, hakuna aliyeahidi kulitengeneza, na tangi lakaa tupu juani. Hiyo ilikuwa hidaya.

Ushirikiano ungeanza kwa swali: "Mwalimu, shule yapungukiwa na nini, na kipi kianze?" Kisha ungefuata mgao wa kazi ulioandikwa: mwenye duka la vifaa vya ujenzi atoe tangi na mabomba; fundi wa mtaani aahidi kuyakagua kila muhula; kikundi cha akina mama kilipie bozi la maji mfereji unapokauka; shule iteue mwalimu mmoja wa kusimamia. Gharama yaweza kuwa ile ile. Tofauti ni kuwa mwaka wa tatu maji bado yatoka.

Nairobi kuna mpango unaoonyesha namna mzigo unavyoweza kugawanywa. Tangu mwaka wa 2023, katika mpango uitwao Dishi na County, serikali ya kaunti ilijenga majiko makubwa, na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka wa 2012, likachukua kazi ya kupika. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na gharama iliyobaki hubebwa na wenzake katika mpango. Ile shilingi tano ni ndogo, lakini ina maana kubwa: mzazi si mwombaji, ni mshirika.

Mlango wa kuingilia

Wengi hukwama kwa kutojua wamwendee nani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imeweka milango. Kila shule ya umma ina Bodi ya Usimamizi, ambamo wamo wajumbe wanaowawakilisha wazazi, mwakilishi wa walimu, wawakilishi wa mfadhili wa shule, na mwakilishi wa makundi maalumu katika jamii na wa watu wenye ulemavu. Kuna pia Chama cha Wazazi. Nafasi hizi hujazwa kila baada ya muda, na mara nyingi hujazwa na yule aliyejitokeza. Mama aliyezoea kuendesha hesabu ya chama chake kwa miaka kumi bila senti kupotea ana ujuzi ambao bodi nyingi zauhitaji. Ajitokeze.

Ni vyema pia kujua kuwa shule za chekechea na vyuo vya ufundi stadi viko chini ya serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali kuu, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Anayetaka kuikarabati chekechea na anayetaka kujenga maabara hawaendi ofisi moja.

Kila mtu na alicho nacho

Si lazima mchango uwe fedha. Mwenye duka la leso katika Mtaa wa Biashara anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi leso inavyochorwa, inavyopewa jina na inavyofika sokoni. Hapo pana somo la sanaa, la Kiswahili na la biashara kwa pamoja. Mchonga milango wa Mji wa Kale na fundi wa vyombo wa Bandari ya Kale wana jiometria mikononi ambayo vitabu huieleza kwa shida. Mfanyabiashara wa viungo wa Marikiti anaweza kuwapokea watoto wa Gredi ya 8 asubuhi moja kwa kila muhula, awafundishe mizani, bei na faida. Kampuni za bandarini na za uchukuzi zinaweza kueleza kazi zilizopo na masomo yanayotakiwa, ili mtoto wa Makadara ajue kuwa bandari ina kazi nyingine zaidi ya kubeba mizigo.

Vikundi vya akina mama vina mlango ambao wanaume hawawezi kuuingia vizuri. Tangu mwaka wa 2017 sheria imeibebesha serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Jukumu hilo ni la serikali na lazima tuidai. Lakini pale mgao unapochelewa, mwezi wa msichana haungoji. Kikundi kinachoweka akiba ndogo ya sodo kwa mwalimu wa kike, na mama mmoja mwenye hekima akaja kila muhula kuzungumza na wasichana juu ya tohara ya dini, usafi na heshima ya mwili, kimeokoa siku nyingi za masomo.

Madrasa nazo zina hazina iliyofungwa kwa kufuli. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimesongamana, na mtahiniwa hana pembe ya kukaa asome. Chumba cha madrasa chenye taa na feni, kikifunguliwa baina ya Isha na saa nne za usiku chini ya usimamizi wa walimu wawili wastaafu, kitamfaa kuliko msaada mwingi wa fedha. Na pale shule inapokosa mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, jamii inaweza kukubaliana na bodi ya shule kumlipa mmoja kupitia bodi hiyo mpaka Tume itakapomleta wake.

Wenye mali ya kudumu wafikirie wakfu. Kodi ya chumba kimoja cha duka, ikiwekwa wakfu kwa maktaba ya shule, hununua vitabu kila mwaka hata baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa sadaka inayoendelea na elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika kwa mauti. Makao ya Tume ya Wakfu yako hapa hapa Mombasa. Mwenye nia aende aulize utaratibu. Ama zaka, ina wenyewe wanane waliotajwa katika Qur'ani. Mtoto fakiri aweza kununuliwa sare kwa zaka, lakini jengo au tangi ni jambo la kumuuliza mwanachuoni kwanza.

Adabu za kushirikiana

Yako mambo manne tunayoyasisitiza.

La kwanza ni heshima ya mtoto. Mola wetu ametuonya kuwa masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Kumsimamisha mtoto mbele ya kamera akiwa ameshika jozi ya viatu ni masimango yasiyotamkwa. Mkabidhi mwalimu viatu, mtoto avipokee faraghani.

La pili ni usalama. Mgeni yeyote anayeingia shuleni, awe mfadhili au ustadhi, awe pamoja na mwalimu muda wote, na asiachwe peke yake na watoto. Hili si tuhuma kwa mtu. Ni ulinzi kwa wote.

La tatu ni uadilifu. Shule ya umma ni ya kila mtoto. Sheria inamruhusu mfadhili kulea maadili ya dini, lakini yamtaka pia alinde imani ya wanafunzi wengine. Maji ya tangi letu yanywewe na mtoto Mkristo, Mhindu na Muislamu sawasawa. Nasi wana wetu wasomao katika shule zilizofadhiliwa na makanisa twawatakia uadilifu huo huo.

La nne ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Toa kitu badala ya fedha taslimu inapowezekana. Na ikiwa ni fedha, zipite katika akaunti ya shule na upewe risiti. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: nani atatoa nini, lini, na nani atakagua.

Huenda mtu akasema, "Fedha zitaliwa." Pengine, ikiwa hakuna anayetazama. Lakini uhaba wa macho ndio unaoulisha ubadhirifu. Anayekaa mbali akilalamika huwaachia walaji meza. Mwingine atasema, "Mwanangu hayuko huko." Ni kweli. Lakini atakayempima mwanao presha kesho, na atakayemuuzia dawa, na atakayekuwa jirani yake na pengine mkwe wake, yuko huko.

Basi twaomba jambo dogo. Wiki hii kikundi kimoja, duka moja au madrasa moja ichague shule moja iliyo karibu. Waende watu wawili kwa mwalimu mkuu, bila hidaya na bila kamera, wamwombe orodha ya mahitaji matatu. Wachague moja wanaloliweza kwa miaka mitatu mfululizo, hata likiwa ni kurekebisha madawati kumi kila muhula. Haba na haba hujaza kibaba, kwa sharti kuwa haba ya pili ifuate ya kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusaidiana kwa wema, awahifadhi wana wetu wote walipo, na awalipe kheri walimu wanaowabeba. Amin.

Wabillahi tawfiq.